NANI ANATUPASHA HABARI?

Ndugu wafanyakazi,

Dishi la bure ni jambo jema, nasi hatumlaumu mtu wa Madogo anayetazama mpira kwa dishi hilo. Lakini mfanyakazi ajua kwamba hapana mshahara bila kazi. Kadhalika hapana zawadi ya dola kubwa isiyo na haja yake. Yatupasa tuulize haja hiyo ni nini.

Jambo hili si geni pwani yetu. Mwaka 1954 Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na watu wa Unguja na Mombasa wakasikia Mwingereza akishutumiwa waziwazi. Mwaka 1957 BBC nayo ikaanza Kiswahili. Peking ikafuata mwaka 1961, na Sauti ya Amerika mwaka 1962. Kisiwa kidogo cha Unguja kiligombewa kwa redio na mataifa yasiyokuwa na mkarafuu hata mmoja huko.

Siku hizi China ndiyo iliyojitokeza mbele. Mwaka 2006 ilifungua redio ya FM Nairobi, na mwaka 2012 televisheni yake ikaweka makao yake ya Afrika mji huo huo. Desemba 2015, mjini Johannesburg, Rais Xi Jinping aliahidi televisheni ya setelaiti kwa vijiji 10,000 vya Afrika. Kazi ikapewa kampuni ya StarTimes. Huko visiwa vya Solomon, katika Pasifiki, ilifichuka mwaka 2023 kwamba gazeti la Solomon Star liliomba fedha za mitambo kwa ubalozi wa China, na likaahidi kuisifu China.

Wako wasemao Mchina ni mbaya na Mmarekani ni mwema. Sisi hatusemi hivyo. Machi 2025 Rais Trump alitia saini amri moja, na Sauti ya Amerika kwa Kiswahili ikanyamaza. Wasikilizaji hawakuulizwa, wala watangazaji waliopoteza kazi. Anayetoa ndiye awezaye kunyima. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Mafuriko ya Novemba 2023 na Aprili 2024 yalikata barabara ya Madogo na Garissa, na mashua ikazama Kona Punda, watu wakafa. Siku kama zile mfanyakazi ataka kujua: maji yamefika wapi? Mashua ipi imepakia kupita kiasi? Je, asiyeweza kuvuka kwenda kazini atakatwa mshahara? Mambo hayo hayataletwa na setelaiti ya mtu wa mbali. Yataletwa na sisi wenyewe.

Kwa hiyo chama chetu chasema mambo matatu. Kwanza, kila msaada wa nje kwa redio, gazeti au televisheni utangazwe hadharani, pamoja na masharti yake. Pili, redio za wananchi wa Tana River zisaidiwe, na watangazaji wake waajiriwe kwa mkataba na walipwe haki yao. Tatu, kila mwanachama alete habari za kazini kwake kwa katibu wa tawi kabla karatasi hizi hazijachapwa.

Tazameni madishi yao, ndugu. Lakini habari zetu tusiwaachie wao.

Umoja ni nguvu.