Nyumba Ndogo Isiwe Sababu ya Kufunga Mikono ya Mtoto



Wazazi wapendwa, na nyinyi wanafunzi wetu, leo tunaanza kwa kukiri kosa letu sisi walimu. Siku moja katika madrasa yetu hapa Nyamirambo, Kigali, mtoto wa miaka tisa alikuja na mfuko wa karatasi akauweka nyuma ya mgongo wake. Wenzake wakisoma, yeye kila mara anageuka kuutazama. Tulimwonya mara mbili, mara ya tatu tukauchukua. Ndani mlikuwa na msikiti mdogo aliouunda kwa maboksi ya sabuni na ya majani ya chai. Mnara ulikuwa wa karatasi iliyoviringwa, na kuba lake ni nusu ya ganda la yai. Tuliuweka juu ya kabati tukaendelea na somo. Jioni wakati wa kupanga vitu, mmoja wetu aliweka boksi la juzuu juu yake bila kuangalia, msikiti ukasagika.

Kesho yake mama wa mtoto alikuja. Hakuja kulalamika, alikuja kutuomba radhi kwa usumbufu wa mwanawe. Katika kuzungumza ndipo tukafahamu kwamba nyumbani wako watu sita katika chumba na sebule. Usiku meza inasogezwa ukutani na godoro linatandikwa chini, na asubuhi kila kitu cha karatasi kinafagiliwa. Mtoto alikuwa ameshapoteza kazi zake kadhaa kwa njia hiyo, basi huu msikiti aliona bora aulete madrasa, pengine huku utapata mahali. Tulinyamaza, hatukuwa na la kusema.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukilifikiria jambo hili, na tunaona linazihusu familia nyingi. Zamani watu wa mitaa kama Biryogo na Nyamirambo waliishi kwenye nyua. Chumba kilikuwa kidogo lakini kiwanja kilikuwepo, na watoto walitengeneza magari ya waya na mipira ya matambara nje, bila ya kumbughudhi mtu. Siku hizi nyua zinapungua. Baadhi ya familia zimehamia kwenye ghorofa, kama zile zilizojengwa Mpazi, na nyingine zimepanga vyumba vya kubanana. Mtoto akigonga kitu, jirani wa chini anagonga dari. Akimwaga gundi, mwenye nyumba anauliza sakafu. Basi mzazi aliyechoka hufanya lililo rahisi: humpa mtoto simu. Mtoto hutulia, sakafu inabaki safi, na mikono yake haijifunzi kitu.

Hatumlaumu mzazi. Sisi pia tuna watoto na tunaishi kwenye vyumba hivyo hivyo. Lakini tunasema kwamba udogo wa nyumba si sababu ya kutosha, na ushahidi wetu tunautoa katika nyumba bora kuliko zote.

Nyumba ya Mtume (S.A.W.) ilikuwa ndogo kiasi gani? Bi Aisha (R.A.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba alikuwa akilala mbele ya Mtume (S.A.W.) naye anaswali usiku, na miguu yake iko upande wa kibla. Mtume akitaka kusujudu humgusa, naye hukunja miguu ili apate mahali pa kusujudia. Hicho ndicho kilikuwa chumba chao. Na katika maisha hayo, hadithi sahihi zinatueleza kwamba Bi Aisha alikuwa na wanasesere wake, na wenzake wa rika lake walikuwa wakija kucheza naye.

Abu Dawud amepokea kisa kingine. Mtume (S.A.W.) alirudi kutoka safarini, upepo ukapeperusha pazia lililofunika kishubaka, wakaonekana wanasesere. Katikati yao alikuwepo farasi mwenye mabawa mawili ya vipande vya vitambaa. Mtume akauliza ni nini hicho, akaambiwa ni farasi. Akauliza, je, farasi ana mabawa? Bi Aisha akamjibu kwamba farasi wa Nabii Sulaiman (A.S.) walikuwa na mabawa. Mtume alicheka mpaka magego yake yakaonekana.

Tukizingatie kisa hiki jamani. Chumba ni kidogo, lakini vitu vya mtoto vina mahali pake maalumu, nyuma ya pazia. Mabawa ni ya vipande vya nguo, yaani hakikununuliwa kitu cha gharama. Na mkubwa wa nyumba, pamoja na mizigo yote aliyokuwa ameibeba, alisimama, akauliza, akasikiliza jawabu, akafurahi. Sisi tulichukua mfuko wa mtoto bila kuuliza hata swali moja.

Iko pia hadithi ya Bi Rubayyi bint Muawwidh (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kuhusu funga ya Ashura. Amesema walikuwa wakiwafungisha watoto wao wadogo na wakiwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi. Mtoto akililia chakula, walimpa hicho acheze mpaka wakati wa kufuturu. Basi hata masahaba walikaa chini wakatengeneza vitu kwa mikono kwa ajili ya watoto, na walifanya hivyo ndani ya ibada.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: mtoto anayeishi kwenye nyumba ndogo apewe vitu vitatu, navyo ni mahali, muda na mwisho. Mahali ni boksi moja tu, hata la viatu, linaloingia chini ya kitanda au juu ya kabati. Lililomo ndani ni lake na halitupwi bila kuambiwa. Muda ni kama nusu saa siku za mapumziko, baada ya Asri, meza ikiwa imetandikwa gazeti. Mwisho maana yake ni kwamba kazi moja haianzwi mpaka ya kwanza imalizike, na iliyomalizika inapewa mtu au inatundikwa. Boksi likijaa, mtoto mwenyewe achague cha kubaki na cha kutoa zawadi. Kwa utaratibu huu nyumba haijai, na mtoto anajifunza kumaliza alichoanza na kutoa anachokipenda.

Kuhusu vifaa, sisi wa Rwanda tuna nafuu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2008, hivyo maduka yetu yanafungia vitu kwenye mifuko ya karatasi ya kaki, ambayo ni imara na inakatika vizuri. Katoni ziko kila duka. Na mafundi cherehani wa Nyamirambo wanatupa vipande vya vitenge kila siku. Ukiwaomba kwa adabu watakujazia mfuko. Tunapendekeza kazi tatu, zote zinatosha juu ya kimeza kidogo na zote hupendeza zikifanywa kwa umakini.

1. Nyota ya pembe nane. Watoto wanaiona kwenye msahafu, ndiyo alama ya robo ya hizbu, na katika msahafu mzima robo hizo ni 240. Kata miraba miwili ya katoni, kila upande sentimita 10. Ifunike kwa karatasi ya kaki au kitenge, rangi mbalimbali. Weka alama katikati ya kila mraba na katikati ya kila upande wa mraba wa chini. Paka gundi, kisha ulaze wa juu ili vitovu vikutane na pembe zake zipite juu ya zile alama za pande. Kila pembe itachomoza kiasi cha sentimita 2. Mtoto akikosea kupima, nyota itapinda na ataliona kosa lake mwenyewe bila kugombezwa. Itundikwe kwa uzi kwenye waya wa pazia, maana kwenye nyumba za kupanga si kila mwenye nyumba anakubali misumari.

2. Mfuko wa juzuu. Chukua kipande kirefu cha kitenge, kikunje uone kama juzuu inaingia, ongeza upana wa vidole viwili kila upande, kisha ushone kwa mkono pande mbili. Mtoto wa miaka minane au tisa anaweza kushika sindano mkubwa akiwa karibu. Wavulana pia washone. Kofia zetu za mkono, zile za vito, huko pwani wanaume wengi wamezishona, na hapakuwa na aibu yoyote.

3. Picha ya imigongo. Hii ni sanaa ya hapa Rwanda, asili yake upande wa mashariki, Gisaka. Ni michoro ya pembe na misumeno kwa rangi chache kama nyeusi, nyeupe na nyekundu, haina sura ya mtu wala mnyama. Wenyewe huinua mistari kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Kwa kuwa madhehebu yetu ya Shafi yanahesabu samadi kuwa ni najisi, sisi tunatumia kamba nyembamba. Mtoto anachora mistari kwa rula juu ya katoni, anabandika kamba juu ya mistari, ikikauka anapaka rangi. Hukaa ukutani na haichukui hata shibiri moja ya sakafu.

Kukata katoni kwa wembe ni kazi ya mkubwa, mtoto apewe mkasi usio na ncha kali.

Tunajua baadhi ya wazazi watasema: mtoto ana Kurani ya kuhifadhi na mitihani ya shule, kazi za mikono zitampotezea wakati. Jawabu letu ni kwamba wakati mwingi hauendi kwenye karatasi na gundi, unakwenda kwenye simu, kila mzazi ajihesabie mwenyewe. Na kazi ya mikono ina heshima katika dini yetu. Katika Bukhari imepokewa kwamba hakuna chakula bora kuliko anachokula mtu kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Dawud (A.S.) alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Bi Zaynab bint Jahsh (R.A.) alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka.

Wengine watauliza kuhusu sura za viumbe. Wanazuoni wengi wameruhusu wanasesere wa watoto kwa sababu ya hadithi za Bi Aisha tulizozitaja, na wako waliokuwa wakali zaidi. Anayetaka kujiweka mbali na hitilafu, kazi tatu hizi hazina sura yoyote. Ila tunaomba jambo moja kwa walimu wenzetu: mtoto akikuletea alichokitengeneza, neno la kwanza lisiwe haramu. Muulize kwanza ni nini.

Tena tunatahadharisha upande wa pili. Wako wanaonunua vifaa vya bei ghali, kazi nzuri akaifanya mama, kisha picha ikatumwa kwenye makundi ya simu kwa jina la mtoto. Hapo mtoto hakupata kitu. Bora nyota iliyopinda aliyoikata mwenyewe.

Sisi katika madrasa tumeweka rafu moja karibu na mlango. Kila mtoto ambaye kwao hakuna nafasi anaweza kuweka kitu kimoja hapo, na hakiguswi bila idhini yake. Rafu sasa ina nyota, mifuko, na gari moja la katoni lisilo na magurudumu ambalo mwenyewe anasema bado linakuja. Yule kijana wa msikiti tulimuomba radhi mbele ya wenzake, akasema amesamehe. Lakini mpaka leo tunapoandika haya hajaweka kitu chochote kwenye rafu. Tumemwachia nafasi yake, na tunaomba dua zenu.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) azipanue nyumba zetu kwa rehema, atujaalie upole kwa watoto wetu, na aitie baraka mikono yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.