Upande wa Pili wa Santuri

Kwetu Kedowa, marehemu babu alituachia santuri ndogo za mizunguko 45. Nyingine alizinunua Kericho mjini, ambako Chandarana walikuwa wakirekodi bendi na kuuza santuri. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, ila Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz aliwapenda mno. Na kila mara alianza na upande wa pili. Utotoni nilidhani anakosea.

Santuri hizo hubeba dakika chache tu kila upande, hivyo wimbo mrefu ulikatwa mara mbili. Aghalabu beti huishia upande wa kwanza, na upande wa pili huachiwa magitaa. Sasa sisi wanafunzi wa fasihi, tukipewa wimbo tuuhakiki, hufanya nini? Hunakili maneno, tukasaka sitiari na takriri, tukataja maudhui, tukafunga daftari. Tumehakiki nusu ya kazi! Mbaraka, aliyefariki mwaka 1979, alikuwa mwimbaji na mpigaji wa gitaa la solo pia; alipoacha kuimba hakuwa ameacha kusema. Wahadhiri wetu wanisamehe, lakini sielewi kwa nini mtu anayehesabu mizani ya shairi kwa vidole ashindwe kuhesabu mapigo ya besi.

Wapo watakaonikumbusha kwamba Morogoro Jazz, Western Jazz na Victoria Jazz hazikupiga jazi ya Kimarekani. Ni kweli. Kwetu jina hilo lilimaanisha bendi ya dansi, iwe ya rumba au ya benga. Hata hivyo, tuige usikivu wa wahakiki wa jazi. Santuri ya Miles Davis ya mwaka 1959, Kind of Blue, ni ya kundi dogo na haina neno hata moja la kuimbwa. Mhakiki wake hulazimika kueleza nani anaingia, nani anampisha mwenzake, na kimya kinakaa wapi.

Hoja kwamba hatuna istilahi hainiridhishi. Wanamuziki wetu husema solo, ridhimu, besi na tumba, nasi tunayo majibizano, tuliyofundishwa katika fasihi simulizi. Tuwaendee wenye magitaa tuwaulize mengine kabla hawajatutoka.

Naomba basi wahariri watenge kurasa mbili katika toleo lijalo kwa uhakiki wa upande wa pili peke yake. Wa kwanza nitauleta mimi, nikishapata sindano ya kuchezea santuri za babu.