Msituambie Angella Okutoyi ni bahati

Leo tuna la kugombana kidogo, mtuvumilie.

Kila tukimtaja Angella Okutoyi, yule binti wa Kenya anayecheza tenisi, hutokea mtu akatukata kauli: "Huyo kajaaliwa tu, bahati yake. Tenisi mchezo wa matajiri." Safari hii tuliyasikia tukiwa Sekenke, wilaya ya Iramba, mkoani Singida, tulikokwenda kumtazama mwenzetu aliyehamishiwa huko kikazi. Watoto wa kike walikuwa wakicheza rede nje, mmoja wao ana shabaha haikosi, nasi tukasema kwamba mkono ule ungefaa raketi. Mzee mmoja akacheka: mtoto wa Sekenke na tenisi wapi na wapi? Pale tulinyamaza kwa heshima ya umri wake. Hapa hatunyamazi.

Tuanze na huo utajiri. Angella alizaliwa 2004. Mama yao alifariki baada ya kuwazaa yeye na pacha wake, wakalelewa Nairobi na bibi yao, mwenye kazi ya usafi katika skuli ya msingi. Tajiri gani huyo? Alichokuwa nacho ni skuli ambayo watoto walifundishwa tenisi, na bibi ambaye hakumwita nyumbani kila jua likitua akasuguwe masufuria. Halafu Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilikuwa na vituo vya kukuza vijana Afrika. Akapita Bujumbura, akapita Casablanca. Kila hatua palikuwa na mtu mzima aliyeamua jambo na mahali fulani palipolipa nauli. Nyinyi mnaita hiyo bahati?

Mwaka 2021 akashinda ubingwa wa Afrika wa chini ya miaka 18 kule Sousse, Tunisia. Januari 2022 akaenda Australia akawa Mkenya wa kwanza kushinda mechi katika Grand Slam ya vijana. Julai ya mwaka huo huo, Wimbledon, akachukua kombe la wasichana wawili wawili pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Fainali ile si ya kusimuliwa kwa haraka. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, na pointi za kuamua zikaisha 11-9. Yaani pointi mbili tu, na jina la Kenya likaandikwa pasipowahi kuandikwa.

Sasa sikilizeni nani alikuwa upande wa pili wa wavu. Wakanada wawili, mmoja wao Victoria Mboko, binti wa wazazi waliohama kutoka Kongo. Agosti 2025, akiwa na miaka 18, Mboko alitwaa ubingwa wa wakubwa Montréal kwa kumfunga Naomi Osaka. Aliingia mashindanoni kwa nafasi maalumu ambayo waandaaji humpa mchezaji wamtakaye, na wa kwanza kupewa huwa mtoto wa nyumbani.

Tumesikia wanaosema kwamba basi Angella kapotea, kwani 2023 alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, badala ya kushika tenisi peke yake. Jamani! Binti apate udhamini wa masomo, makocha na viwanja kila siku, tumlaumu? Chuo kilimpa alichokikosa nyumbani. Mboko alikuwa na nchi yenye mashindano makubwa na pesa za kumtunza kijana. Hawa wawili walikutana uwanjani wakiwa sawasawa, na aliyeshinda siku ile ni wetu. Kilichowatenganisha baadaye hakikuwa mikononi mwao.

Na kama mnataka ushahidi, huu hapa. Machi 2024, Accra, Angella alichukua dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika. Dhahabu ile ilikuwa mlango wa Olimpiki ya Paris, lakini kwa sharti: awe ndani ya 400 bora duniani ifikapo Juni. Hakufika huko, na Paris hakwenda. Nafasi hizo hupandwa kwa kucheza mashindano mengi, nchi hii na ile. Mashindano ya ngazi ya chini kabisa ya wanawake yana zawadi ya dola 15,000 kwa jumla, wagawane wachezaji wote. Anayefungwa mapema hapati hata nauli ya kurudia. Bingwa wa bara zima abaki nyumbani kwa hesabu za tiketi, nasi tumwambie Mungu hakupenda? Tusimsingizie Mola uzembe wetu.

Kuna hoja ya stara, na hii tunaiheshimu kwa sababu hata sisi ni mama. Ila isemwe kwa ukweli. Tangu 2019 kanuni za tenisi ya wanawake zinaruhusu suruali ndefu za kubana bila sketi juu yake. Ukitaka kuvaa kitu kirefu juu ni hiari yako, na mikono mirefu haijakatazwa. Wimbledon wenyewe, wagumu wa nguo nyeupe tupu, tangu 2023 wamekubali bukta nyeusi za ndani, kwani wanawake walilalamika kuhusu siku zao. Kwa hiyo mzazi akikataa, aseme anakataa. Asiisingizie nguo.

Turudi Sekenke. Hapa dhahabu ilianza kuchimbwa enzi za Wajerumani, na dhahabu ya hapa ndiyo iliyotengenezewa zile sarafu za tembo za Tabora mwaka 1916. Mali ikaondoka, kijiji kikabaki na mashimo. Mkoa huu huu ndiko anakotoka Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni, Tokyo 2025. Wakatujibu kuwa mbio hazitaki gharama, barabara ipo. Mbona hawataji kwamba Simbu ni askari wa JWTZ, ana taasisi nyuma yake? Na sisi wa visiwani tusijione bora: viwanja vya tenisi tunavyovijua vingi vimo mahotelini, na watoto wetu huviona kupitia uzio.

Hatudai kiwanja cha Wimbledon. Mtoto huanza na ukuta, mpira na ubao wenye mpini. Tulimuuliza mwenzetu kabla hatujaondoka. Skuli ya pale kwao ina ukuta mmoja mrefu usio na madirisha, na mbele yake uwanja mgumu. Mipira tutanunua mjini. Kilichobaki ni kamati ya skuli iwaruhusu wasichana kubaki saa moja jioni kabla ya kwenda kuteka maji, na mzee yule ni mjumbe wa kamati hiyo.