Tuhuma Si Hukumu

Kwa Bwana Mhariri,

Imenihuzunisha kusikia barazani, hapa Lusangi, kwamba mshitakiwa wa mauaji akiachiwa huru basi hakimu amekula rushwa. Na tukumbuke ya Dar es Salaam, Januari 2006, ambako wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wao wa teksi, waliuawa mikononi mwa polisi na kutangazwa kuwa majambazi, hata tume ya Jaji Mussa Kipenka ikadhihirisha kuwa marehemu hawakuwa wezi. Mahakama Kuu ya Tanzania ilipowaachia afisa wa polisi Abdallah Zombe na wenzake, walioshitakiwa kwa mauaji hayo, mwaka 2009, ghadhabu ilienea, nami niliishiriki. Lakini hakimu hupima ushahidi alioletewa, wala hana ruhusa ya kuhukumu kwa machozi yetu. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja wao tu.

Na hapa kwetu Kongo, Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 17, yamhesabu mtuhumiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho. Nawasihi maofisa wa polisi wa Kasongo na Kabambare wasimwite mtu muuaji kabla ya hukumu hiyo.

Wako mtiifu,
Msomaji, Lusangi