Cromford Pazuri, Lakini Pamba Ilitoka Wapi?

Ati Cromford ni kamji katulivu. Hiyo ndiyo sifa niliyopewa kabla ya kupanda treni kwenda Derbyshire, na kwa macho tu, ni kweli: nyumba za mawe, bata bwawani, chai na keki kwenye kiwanda ambako Richard Arkwright alianza kusokota nyuzi za pamba kwa nguvu za maji mwaka 1771. Tangu 2001, UNESCO inapaita Urithi wa Dunia.

Sawa. Lakini huo utulivu ni wa juzi. Enzi zile mashine zilinguruma kwa zamu mbili, ya mchana na ya usiku, na wengi waliozihudumia walikuwa watoto. Watoto!

Na pamba je? Derbyshire haioti hata uiombee mvua. Viwanda vilivyozidi kuongezeka Uingereza, ndivyo vilivyozidi kula pamba iliyochumwa na watumwa, kwanza Karibi, kisha Marekani. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba yote haya yalitokana na akili ya kinyozi mmoja, maana Arkwright alikuwa kinyozi, muulize: na mikono ilikuwa ya nani?

Sisemi kiwanda kibomolewe, wala sikatai kwamba jamaa alikuwa na kichwa. Nasema huwezi kuita kitu urithi wa dunia, halafu ukakisimulia kama mali ya mtu mmoja. Ukienda, kunywa chai yako, piga picha zako. Kisha uliza kwa sauti, wote wasikie: hii pamba aliichuma nani, na alilipwa nini?