Jibu la Mtoto Bila Swali Lake

Leo naweka kando programu kidogo, ingawa mtaona sijaenda mbali.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikesha siku mbili nikitafuta hitilafu ambayo mteja aliieleza kwa maneno matatu: "Mfumo umekataa pesa." Nilipofungua logi nikakuta mfumo haukukataa kitu. Mtu alibonyeza kitufe mara mbili, basi. Mteja hakunidanganya. Aliniletea matokeo tu, bila kile kilichoingizwa.

Siku hizi nasoma juu ya namna watoto wanavyohojiwa inaposhukiwa wamedhulumiwa kingono, na kila nikisoma nakumbuka ile ripoti. Mara nyingi katika kesi hizi hakuna shahidi mwingine wala alama mwilini. Kuna mtoto na maneno yake. Hapa Kenya, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa makosa ya ngono kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, mradi iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu. Naikubali sheria hiyo. Lakini basi maneno hayo yafike yakiwa mazima.

Je, yanafika mazima tukiyaandika kwa kalamu? Mwaka 2000 Michael Lamb na wenzake walichukua mahojiano 20 ambayo wahoji walikuwa wakiandika neno kwa neno, wakayalinganisha na sauti zilizorekodiwa. Robo ya yale watoto waliyosema kuhusu tukio haikuwemo katika maandishi. Na maneno ya wahoji wenyewe? Asilimia 57 hayakuwemo! Tena mara nyingine maandishi yalionyesha mtoto amejieleza mwenyewe baada ya swali la wazi, kumbe alikuwa ameulizwa swali la kumbana. Hawa si wazembe. Walijua kazi yao ni kuandika kila kitu.

Kwa nini nang'ang'ania swali? Tazama kesi ya shule ya chekechea ya McMartin, Manhattan Beach, California. Tuhuma zilianza 1983, na mamia ya watoto wakahojiwa mbele ya kamera. Kanda zilipochezwa mahakamani, watu walijionea wahoji wakitumia vikaragosi, wakimwambia mtoto kwamba wenzake wameshasema, wakimsifu akikubali. Mwaka 1990 kesi iliisha bila hata mtu mmoja kupatikana na hatia. Baadhi ya raia walioketi kuamua kesi walisema waliamini kuna watoto waliodhulumiwa kweli, ila kwa mahojiano yale hawakuweza kujua nani alifanya nini.

Kuna waliosema somo la McMartin ni hili: msirekodi, mtawapa mawakili wa utetezi silaha. Samahani, huko ni kuzima logi kwa sababu inaonyesha hitilafu. Kosa lilikuwa katika maswali, na kamera ndiyo iliyolifichua. Bila kanda tungebaki na muhtasari safi wa afisa, na hakuna ambaye angejua kama mshtakiwa anafungwa bure, au kama mtoto aliyeumizwa kweli ameharibiwa ushahidi wake na mtu aliyetaka kumsaidia.

Uingereza ilibadilisha sheria mwaka 1991 ili video ya mahojiano iweze kuwa ndiyo ushahidi wa kwanza wa mtoto mahakamani. Sheria ya 1999 iliongeza kwamba hata maswali ya wakili wa utetezi yarekodiwe kabla ya kesi, mtoto amalize aende zake. (Kifungu hicho kilikaa kabatini hadi majaribio ya mwisho wa 2013. Si sisi peke yetu.)

Kwetu, Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamruhusu shahidi dhaifu kuzungumza akiwa amekingwa asionekane, au kupitia mtu wa kati. Vizuri, lakini hiyo ni siku ya mahakama. Mimi nauliza kuhusu siku ya kwanza, pale kumbukumbu ingali mbichi na hakuna aliyeigusa.

Hapo ndipo hofu yangu ya kifundi inapoanza. Video ya mtoto ikirekodiwa kwa simu ya afisa, kesho iko WhatsApp, na hakuna hukumu itakayoirudisha. Kwa hiyo simu hapana. Kamera iliyofungwa ukutani, inayoonyesha mtoto na mhoji pamoja. Faili likifungwa tu, likokotolewe heshi yake na iandikwe mahali pengine, ili sekunde moja ikikatwa ijulikane. Wakili aje kutazama ofisini, asipewe nakala ya kubeba. Na kila anayefungua faili jina lake libaki kwenye logi, mkubwa au mdogo.

Vifaa hivyo si ghali. Ghali ni kumfundisha mhoji aseme "hebu niambie" kisha anyamaze.

Na kamera iwashwe kabla mtoto hajaingia. Tukimwacha aulizwe-ulizwe kwanza kwenye dawati la kuripotia, halafu tukarekodi marudio, tutakuwa na faili zuri sana, lenye heshi na kila kitu, la mazungumzo ya pili.