Staa kajaza fulu, bodaboda kahesabu lita: nani bosi hapo?

Harusi imeisha Gehandu, wageni wa mjini wanarudi zao. Staa mmoja, jina kapuni, anasimamisha mkoko wake kwenye sheli ya njiani, anashusha kioo nusu na kusema neno moja tu: "Fulu." Halafu anarudi kwenye simu. Watoto wanapiga picha gari, yeye anajipiga selfi. Muhudumu akimaliza anapewa noti, anaambiwa chenji abaki nayo. Risiti? Haikuulizwa. Lita ngapi? Haijulikani.

Pampu ya pili kuna kijana wa bodaboda. Kabla bomba halijaingia kwenye tenki, anainama kuangalia mashine. "Kaka, rudisha sifuri kwanza." Namba za mteja aliyepita zinafutwa. "Weka lita tatu." Anasubiri mpaka tone la mwisho, anachukua risiti, anaikunja, anaitia mfukoni. Waliokuwa pale wakamcheka. Eti mafuta ya lita tatu na maswali yote hayo!

Waliocheka walimcheka mtu asiyestahili. Petroli ya gharama kuliko zote si ile ya bei ya juu, ni ile inayonunuliwa na mtu anayeona aibu kuuliza.

Wengi wanadhani ujanja ni kutafuta sheli ya bei rahisi. Sawa, lakini kwa Mbulu na Hanang nafasi hiyo ni ndogo. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, tena kila wilaya na bei yake. Vituo vinaruhusiwa kushindana chini ya hapo, ila hakuna kuvuka. Mafuta yakishushwa bandarini yanapanda lori, na kila kilomita ya barabara inaongeza kitu kwenye bei. Ndiyo maana mtu wa Mbulu hawezi kulipa sawa na mtu wa Tanga. Na kuendesha kilomita ishirini kufuata punguzo la shilingi kumi kwa lita ni kujiibia mwenyewe.

Kinachobaki mikononi mwa mnunuzi ni kuhakikisha alicholipia ndicho alichopewa. Hesabu ni rahisi. Tuchukulie lita ni shilingi 3,000. Bodaboda akipunjwa robo lita tu kwa siku, hiyo ni 750. Kwa siku thelathini ni 22,500. Kwa staa hiyo ni vocha. Kwa kijana wa Gehandu ni sare ya shule ya mdogo wake, na yeye hana pa kuifidia isipokuwa kwenye nauli ya mama anayepanda kwenda sokoni.

Na silaha anazo. Bei lazima ziwe kwenye bango linaloonekana. Bei kikomo ya wilaya inapatikana kwenye simu kwa kupiga *152*00#, hata kwa kitochi. Pampu hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na iliyopita ukaguzi hubandikwa stika. Risiti nayo si karatasi ya kutupa: ina jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei ya lita, na ndiyo ushahidi mafuta yakileta kesi. Mteja anayeondoka bila risiti ameondoka bila mdomo.

Kuna na ujanja wa vijiweni ambao hausaidii kitu. Eti ukijaza alfajiri, baridi ya Mbulu inakupa mafuta mengi. Petroli ya sheli inakaa kwenye matenki yaliyofukiwa ardhini, ambako joto la asubuhi na la mchana halipishani sana. Faida yake haionekani. Wengine bomba likishajikata wenyewe wanalazimisha, "ongeza kidogo mpaka juu". Hiyo inaishia kumwagika au kupotea kwa mvuke, na imeshalipiwa.

Ujanja wenye faida ni wa kawaida sana. Jumatano ya kwanza ikikaribia na tetesi zinasema bei inashuka, weka kidogo, subiri. Zikisema inapanda, jaza mapema. Lori likiwa linashusha mafuta kituoni, pisha kwanza, maana uchafu wa chini ya tenki hutibuka. Jaza upepo kwenye matairi, kwa sababu tairi laini linakula mafuta kimyakimya, hasa kwenye milima ile. Na petroli ya chupa ya vichochoroni, achana nayo: kipimo ni cha macho, usafi haujulikani, na cheche moja inatosha kuunguza nyumba.

Mastaa wanaigwa kwa nguo, kwa mitindo ya nywele, mpaka kwa namna ya kushika simu. Wangeigwa na kwa hili ingekuwa poa. Siku staa mmoja akishuka garini, akatazama sifuri, akadai risiti mbele ya kamera, vijana wengi watajua kwamba kuuliza si ushamba.

Mpaka siku hiyo ifike, bosi wa ile sheli ni yule wa lita tatu. Alijua alichonunua. Mwenye mkoko hadi leo hajui.